Maji ya Uluguru na Soko Huria



Mto Ruvu unazaliwa katika milima ya Uluguru na kuteremka hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, iliyojengwa mwaka 1976. Mitambo hiyo ndiyo inayoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima wa mlimani anapouacha msitu usimame, anawatunzia maji watu asiowajua.

Maji hayo yaliwahi kuingizwa sokoni. Miongoni mwa masharti ya kusamehewa madeni, nchi ilitakiwa kuikabidhi kampuni binafsi uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam. Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, ilianza mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja, ikieleza kuwa kampuni imeshindwa kutimiza wajibu wake. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa waliamua kuwa Tanzania ilikiuka haki za mwekezaji kwa jinsi ilivyomwondoa, lakini hawakuamuru alipwe fidia.

Wala isidhaniwe kuwa kabla ya hapo mambo yalikuwa shwari. Chini ya shirika la umma mabomba yalivuja, na maji mengi yalipotea bila kulipiwa. Udhaifu huo ndio uliotumiwa kuhalalisha dawa ya soko. Lakini soko humsikiliza mwenye fedha kwanza. Mnyonge asiye na bomba hununua maji kwa dumu, na aghalabu humgharimu zaidi kuliko jirani yake mwenye bomba. Mlinzi wa chanzo, kule mlimani, soko halimwoni kabisa.

Fundisho ni bayana. Masharti ya wakopeshaji hupenya pale ambapo utumishi wa umma umelegea. Kwa hiyo mtumishi anayeziba bomba linalovuja na kukusanya ankara kwa uaminifu anaulinda uhuru wa nchi kuamua mambo yake. Naye mwalimu anayewaonyesha wanafunzi njia ya maji, kutoka msituni hadi bombani, anaandaa raia watakaohoji mkataba kabla haujatiwa sahihi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.