Mwenye Duka ni Msimamizi



Jubile ni wakati wa kushukuru. Ni wakati pia wa kupima kazi ya mikono yetu. Nitasema na ninyi mnaouza mchele, mawese, chumvi na nguo, toka Kasongo mpaka Kabambare.

Wazee wangali wanakumbuka tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabiziwa wana-inchi. Zaire yote ikaona maduka ya Wagreki, Wareno na Wahindi yakipata mabwana wapya. Lakini wengi wa wale waliopewa waliuza bidhaa walizozikuta, wakala mauzo, wasinunue nyingine. Rafu zikabaki tupu, wafanyakazi wakakosa mshahara, na mwaka 1976 serikali ikaamua kuwarudishia wageni sehemu kubwa ya mali yao. Ni kweli, bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1974, na feza za kigeni zilikuwa haba. Hata hivyo kosa moja lilikuwa la moyo: walipokea mali, hawakupokea kazi yake.

Kosa hilo halijafa. Mtu akinunua kwa franga 10.000 na kuuza kwa 13.000, asifikiri kwamba 3.000 zote ni faida. Atoe kwanza gharama ya njia, matengenezo ya baiskeli na ushuru. Kinachobaki ndicho cha nyumba. Zile 10.000 ni za duka, wala asiziguse kwa arusi wala kwa matanga.

Kosa la pili ni deni lisiloandikwa. Anayewakopesha wachimba zahabu wa Salamabila afahamu kwamba shimo laweza kuwa tupu. Hata deni la ndugu liandikwe katika kaye. Maandiko hayavunji undugu, mabishano ndiyo huuvunja.

Kosa la tatu ni kipimo cha hila. Mama anayenunua mchele wa watoto wake hana mzani. Anautegemea mkono wako. Naye kijana anayekusaidia anakutazama: akiona unawaibia wateja, kesho atakuibia wewe. Mkubwa hufundisha kwa matendo kabla ya maneno.

Katika mfano wa talanta, aliyepewa mbili alisifiwa sawasawa na aliyepewa tano. Basi wewe mwenye meza moja sokoni, usione haya kwa uchache wa mali yako. Utaulizwa namna ulivyoisimamia.

Mungu abariki kazi zenu. Amina.