Bonde Linapogeuka Mtaa

(Mazungumzo kwa kamati za sharika na wafadhili, Lushoto)

Tumeombwa tuzungumze juu ya ardhi. Tumechagua kuzungumza juu ya mabonde, kwa kuwa huko ndiko ardhi yetu inakobadilika kwa haraka.

Wajerumani walipofanya mji huu makao ya utawala waliuita Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Hata Jegestal ni jina lao: bonde la wawindaji. Wasambaa wenyewe hawakukaa bondeni. Nyumba zilijengwa kwenye migongo ya vilima, migomba ikizizunguka, na bonde likaachiwa maji, miwa na mahindi ya kiangazi yaliyonyweshwa kwa mifereji. Wazee walijua kwamba udongo wa bondeni ni wa kulima, si wa kusimamishia ukuta.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Walowezi na wamisionari walileta viazi mviringo, kabichi na peasi. Baadaye ikaja lami ya Mombo, Soni hadi Lushoto, kama kilomita 32, na karoti iliyong'olewa leo ikaweza kuuzwa Dar es Salaam kesho asubuhi. Bonde likawa benki ya familia. Ada za shule zilitoka humo, bati za nyumba zilitoka humo, na hata sadaka ya mavuno tunayoihesabu madhabahuni.

Sasa benki hiyo inakatwa viwanja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya, Bumbuli ikiwemo. Baba mwenye wana watano akigawa shamba la bondeni, kila mmoja hupata kipande kisichotosha kabichi za biashara, lakini kinachotosha nyumba ya vyumba vitatu. Mnunuzi naye yupo: mwalimu aliyehamishiwa hapa, mstaafu aliyerudi nyumbani, kijana wetu wa Dar es Salaam anayetaka pa kufikia sikukuu. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kimeleta wanafunzi, na wanafunzi wanahitaji vyumba. Bondeni ni tambarare, hakuna gharama ya kuchimba kilima, na barabara iko karibu. Anayeuza hatumlaumu. Mtoto akisubiri ada, hekima ya wazee juu ya udongo hailipi karo.

Lakini tuangalie kinachofuata. Kwanza udongo mzuri unafyatuliwa matofali, na matofali huchomwa kwa kuni za mlimani. Kisha mvua iliyokuwa ikinywewa na shamba inapiga bati na kukimbilia mtoni mara moja. Choo cha shimo kikichimbwa mahali ambapo maji yako karibu na uso wa nchi, hujaa wakati wa masika, na jirani wa chini anamwagilia letusi kwa maji hayo hayo. Letusi hiyo huliwa mbichi, tena mara nyingi na watu wasiojua Lushoto iko wapi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto. Pimeni mita 60 kila upande katika mabonde yetu membamba. Mara nyingi bonde lote limekwisha. Hata hivyo nyumba zinaendelea kusimama, kwa karatasi ya mauziano na mashahidi wawili.

Wapo wanaosema serikali itumie nguvu. Hapa inafaa tuikumbuke Mlalo. Mpango wa Waingereza ulioanza mwaka 1946 uliwalazimisha watu kulima kwa matuta. Watu waliukataa, nao ukaachwa kabla ya uhuru. Mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikwenda kwa njia nyingine: majani ya guatemala na migrivea, mambo ambayo mkulima aliyaonea faida kwa ng'ombe wake na kuni zake. Kazi kubwa ilikuwa miteremkoni. Bondeni bado kazi ni yetu, pamoja na majirani zetu Waislamu, kwa sababu mto ni mmoja.

Na sisi tunaguswa moja kwa moja. Sharika kadhaa zina mashamba ya bondeni yaliyotolewa na wazee wetu. Usharika mmoja umeshaletewa mnunuzi, na fedha hiyo ingemaliza paa la kanisa. Tunaelewa kishawishi hicho, maana paa likivuja kila Jumapili halisubiri mjadala. Ushauri wetu ni kutouza. Shamba likodishwe kwa vijana wasio na ardhi, kwa mkataba wa maandishi, na kodi iingie mfuko wa paa, hata kama litachelewa miaka minne. Wafadhili wetu tunawaomba jambo lisilopendeza kwenye picha: fedha ya kupima mipaka ya mashamba hayo na kuyapatia hati.

Kila kamati ilete orodha ya mashamba yake kabla ya kikao cha robo ijayo, ikionyesha lilipo, nani analima, na kama kuna mtu ameshatoa bei. Fomu ziko kwa mhazini, pale mlangoni.