Kila Mlango na Ufunguo Wake
Maneno ya mazungumzo juu ya sayansi na imani



Kuna mabishano ambayo hayazeeki. Mtu mmoja husema kwamba elimu ya sayansi imekwisha kufumbua mafumbo yote, na kwamba dini ni masimulizi ya watu wa kale. Mwenziwe hujibu kwamba sayansi ni kiburi cha mwanadamu, na kwamba kila jibu la maisha limo katika Kitabu. Mara nyingi wawili hao huachana kila mmoja akiwa na neno lile lile alilokuja nalo, kwa sababu wamebishana juu ya majina makubwa bila kutazama jambo lenyewe.

Afadhali basi lichukuliwe jambo moja lililo zito kwa wale wanaolibeba, lipimwe kwa pande zote mbili. Jambo hilo ni ugonjwa wa damu uitwao selimundu, ambao unajulikana sana katika pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria.

Maswali matatu ya nyumba moja

Mtoto huzaliwa akiwa mzima. Kabla hajaimaliza miaka yake ya kwanza, vidole vya mikono na miguu humvimba. Baadaye mifupa humwuma hata akalia usiku kucha, macho yake huwa ya manjano, na damu humpungua. Ndugu zake wawili hawana neno lolote. Pengine mmoja aliyemtangulia alikwisha fariki dunia kwa dalili hizo hizo.

Katika nyumba hiyo huulizwa maswali matatu. La kwanza: ugonjwa huu umetoka wapi? La pili: mbona umempata mtoto huyu, wala si wa jirani? La tatu: lipasalo kutendwa sasa ni lipi? Maswali haya hutoka katika kinywa kimoja, pengine katika usiku mmoja, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ni swali moja. Sivyo. Ni milango mitatu, na wahenga walikwisha sema kwamba kila mlango na ufunguo wake.

Mlango wa kwanza: ugonjwa umetoka wapi

Kwa swali hili sayansi imejibu, na jibu lake ni wazi. Katika mwaka 1910 Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza habari za kijana mmoja mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Alipoitazama damu ya kijana huyo kwa darubini, aliona kwamba baadhi ya seli nyekundu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zilikuwa zimepindika kama mundu. Seli za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba ya damu, nazo huvunjika upesi. Kukwama huko ndiko kuletako maumivu, na kuvunjika huko ndiko kupunguzako damu.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe walionyesha kwamba kasoro imo katika hemoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachochukua hewa na kuipeleka mwilini. Mwaka 1957 Vernon Ingram, katika mji wa Cambridge, alionyesha jinsi kasoro hiyo ilivyo ndogo. Katika mnyororo mmoja wa hemoglobini mna viungo 146, na ni kiungo kimoja tu kilichobadilika. Ni kama neno refu ambalo mwandishi amekosea herufi moja, na maana yote ikaharibika.

Kosa hilo hurithiwa. Kila mtu hupokea agizo moja la kufanyiza hemoglobini kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Aliyepokea agizo moja lenye kosa na moja zima, kwa kawaida huishi bila kuugua, na pengine hajui kabisa kwamba analo. Aliyepokea yote mawili yenye kosa ndiye mgonjwa. Basi baba na mama ambao kila mmoja wao analo agizo moja lenye kosa, kila mimba yao ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuzaa mtoto mzima anayelichukua kosa hilo, na moja katika nne ya kuzaa mtoto asiye nalo hata kidogo. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto mmoja mgonjwa hajalipa deni lolote la wale wajao.

Ajabu ya malaria

Wataalamu walibaki na fumbo. Ikiwa kosa hili huua watoto, mbona halikutoweka zamani? Jibu lilipatikana Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa katika shamba karibu na Gilgil. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, naye akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba miongoni mwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wengi walilichukua kosa hilo, lakini miongoni mwa watu wa nyanda za juu walikuwa wachache mno. Pwani na ziwani ndipo penye malaria nyingi. Akawaza kwamba huenda kosa hilo humkinga mtu na malaria.

Mwaka 1954 aliandika matokeo ya uchunguzi wake, na tafiti zilizofuata, pamoja na zile za Kilifi, zimethibitisha ya kuwa mtoto mwenye agizo moja lenye kosa amekingwa sana asishikwe na malaria kali. Kwa hiyo jambo lile lile linalomtesa mtoto mmoja limewaokoa ndugu zake, na babu zake kabla yao.

Matunda ya jibu hili si ya darasani tu. Katika sehemu nyingi za Afrika mama aliyezaa watoto wa namna hii ameitwa mchawi, au imesemwa kwamba amevunja mwiko, au kwamba wazee wa ukoo wamekasirika. Wake wamerudishwa kwao kwa ajili hiyo. Darubini imeifuta hukumu hiyo. Mtoto hawezi kuugua ugonjwa huu kwa urithi wa mama peke yake, maana nusu imetoka kwa baba, wala hakuna kati yao aliyeichagua. Mtu wa dini anayeogopa kwamba sayansi huja kuvunja heshima na aangalie hapa, ambapo sayansi imemrudishia mama heshima yake.

Mlango wa pili: mbona mtoto huyu

Hapa ufunguo wa kwanza huingia katika kufuli lakini haugeuki. Mama huuliza, "Mbona wangu?" Daktari hujibu, "Bahati moja katika nne." Jibu hilo ni kweli tupu, na mama akilisikia atajua lililompata. Lakini yeye hakuuliza hesabu. Aliuliza kama mateso haya yana maana, na kama kuna yeyote anayeyaona. Hakuna darubini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mtaalamu mwaminifu hasemi kwamba anayo.

Je, imani inalo jibu? Yafaa kusema kwa uangalifu. Wakristo na Waislamu wote wanamheshimu Ayubu, mtu mwema aliyepotewa na watoto, mali na afya. Katika Biblia inasimuliwa kwamba rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Mpaka hapo walitenda vyema. Walipofungua vinywa vyao na kuanza kumweleza kwamba lazima alitenda dhambi, ndipo walipokosea, na mwisho wa kitabu ni wao waliokaripiwa na Mungu, wala si Ayubu. Katika Injili ya Yohana pia, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Alikataa yote mawili. Na Kurani nayo inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine.

Basi ni ajabu kuona kwamba wale wanaomlaumu mama kwa jina la dini wanapingana na vitabu vya dini yenyewe. Imani haikumpa Ayubu maelezo ya sababu. Ilimpa kitu kingine, nacho ni uhakika kwamba hakusahauliwa, na ruhusa ya kulia mbele ya Mola wake bila kuitwa mkosaji. Mama wengi wameishi kwa chakula hicho kidogo. Wako pia watu wasio na dini ambao hukaa kando ya kitanda cha mgonjwa kwa upendo ule ule, na haki ni kuwataja. Lakini mwenye imani husema kwamba mkono ule unaomshika mgonjwa una Mwenyewe, na neno hilo sayansi haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Mlango wa tatu: lipasalo kutendwa

Swali la tatu lahitaji funguo zote mbili. Sayansi husema lipi linawezekana. Haisemi peke yake lipi ni haki. Mfano umo katika habari ya Allison mwenyewe. Ili kuijaribu fikira yake, mwaka 1953 vijidudu vya malaria vilitiwa katika miili ya watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo waliojitolea. Nusu yao walikuwa na seli za mundu na nusu hawakuwa nazo. Katika wale 15 wasiokuwa nazo, 14 walionekana na vijidudu katika damu. Katika wale 15 waliokuwa nazo, 2 tu. Hesabu hizo ni elimu. Lakini je, ni halali kumtia mtu mzima ugonjwa ili watu wapate kujua? Mtu aliyejitolea alielezwa kiasi gani? Maswali hayo yameulizwa tangu siku zile, na hayajibiwi kwa hesabu ya vijidudu. Hujibiwa na dhamiri, na dhamiri hulelewa nyumbani, msikitini na kanisani, na katika mila njema za wazee.

Hali ni hiyo hiyo katika matibabu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kilifi, na vile vile Uganda, Kongo na Angola, juu ya dawa iitwayo haidroksiyurea. Watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na haja ya kutiwa damu, na malaria, na vifo pia. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba mpya ya kurekebisha urithi wenyewe katika seli za mgonjwa, nayo kwa bei ya Marekani ilikuwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Sayansi imeonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Lakini wengi wa watoto wenye ugonjwa huu huzaliwa Afrika, na ni nani atakayewapatia? Swali hilo si la maabara. Ni la jirani kwa jirani, na la taifa kwa taifa.

Makosa mawili ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni la mwenye imani anayempeleka mtoto kwenye maombi na kumzuia asifike hospitali. Wanavyuoni wa Kiislamu husimulia habari ya Bedui aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mtoto wa selimundu hufungwa kama ngamia yule kwa kupimwa damu mapema, kwa kuchanjwa, kwa kukingwa na mbu, kwa kunyweshwa maji ya kutosha, na kwa kupelekwa kwa daktari upesi apatapo homa. Na vijana wanaotaka kuoana hawapungukiwi na imani kwa kupima damu zao. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kosa la pili ni la mwenye elimu anayemwambia mama ile bahati moja katika nne, kisha akageuka na kwenda zake akidhani kwamba amekwisha jibu yote. Amesema kweli, lakini amejibu swali moja na kuacha mawili. Daktari mwema hulijua jambo hili, ndiyo maana huvuta kiti akaketi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo watu. Maana yake ni kwamba asiyeubeba huuona mwepesi. Yule anayebisha barazani kwamba sayansi inatosha, na yule anayebisha kwamba dini inatosha, wote wawili hupima mzigo ambao haumo begani mwao. Mama mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kuchagua upande. Asubuhi huchukua kadi yake akapanda gari kwenda hospitali, na jioni humlaza mtoto akamwombea. Hapigani vita na mtu yeyote. Ameupeleka kila ufunguo kwenye mlango wake, na anayetaka kujua kama sayansi na imani zaweza kukaa nyumba moja na aende akamtazame.