Dripu ya Mgonjwa Wako: Kazi ya Nesi na Kazi Yako

(Maneno ya mhamasishaji wa afya kwa ndugu wanaolala na wagonjwa wodini. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo nataka tuzungumze juu ya dripu, yaani yale maji ya mshipani ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunayaita serumu. Karibu kila familia hapa kambini imewahi kuwa na mgonjwa aliyetundikiwa chupa. Nesi ni mmoja na vitanda ni vingi. Anayeiweka dripu ni yeye, lakini anayekaa kando ya kitanda usiku na mchana ni wewe ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo wewe pia una kazi, na kazi hiyo ina mipaka yake.

Kwanza nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 17, bado mwanafunzi wa sekondari. Bibi yangu alilazwa katika kituo kimoja cha afya akiwa na homa kali, hali chakula. Akatundikiwa chupa ya nusu lita. Nesi akaniambia, "Hii itakwenda polepole, kama saa 6. Usiiguse." Kitanda cha jirani alilala kijana mwenye kuharisha sana. Yeye maji yake yalikuwa yakimiminika, chupa baada ya chupa. Mimi nikatazama matone ya bibi yangu, moja moja, nikaona wivu. Nikasema moyoni: yule anapewa haraka kwa sababu ni mtu wao, sisi tumesahauliwa. Tena ilikuwa siku ya mgao na nilitaka kuwahi foleni. Nesi alipotoka, nikakizungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira hadi mwisho.

Chupa iliisha upesi. Muda si mrefu bibi akaanza kukohoa, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima, akashindwa kulala chali. Nikapiga kelele. Nesi alikuja mbio, akaifunga dripu, akamkalisha bibi wima, akamwekea hewa ya oksijeni na kumchoma sindano ya kumfanya akojoe maji yaliyozidi. Bibi alipona, lakini tulikaa wodini siku 3 zaidi. Nesi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniuliza?" Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, haraka haraka haina baraka. Nilichokiona kuwa upendeleo kilikuwa ni hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaushwa na kipindupindu kikali anaweza kuhitaji lita 6 za maji ya mshipani ndani ya saa 3, la sivyo atakufa. Mzee mwenye homa, ambaye moyo wake umechoka, akipewa maji kwa mwendo huo, maji yanajaa kwenye mapafu. Mwendo unaomwokoa mmoja unaweza kumwua mwingine. Ndiyo maana usilinganishe chupa ya mgonjwa wako na ya jirani.

DRIPU NI NINI?

Watu wengi wanasema dripu ni nguvu au ni damu ya maji. Sivyo. Chupa moja huwa na maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, gramu 9 katika lita. Nyingine, ile ya Ringer, ina chumvi za aina kadhaa na ndiyo hupendelewa kwa kipindupindu. Nyingine ina sukari. Ile ya sukari ya asilimia 5, chupa ya nusu lita, ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko vya chai 5 au 6. Sahani moja ya ugali ina nguvu zaidi. Kwa hiyo usimlaumu daktari akikataa kukutundikia dripu kwa sababu unasikia uchovu. Na usimlipe mtu wa mtaani akuwekee dripu ndani ya nyumba. Sindano isiyo safi huleta usaha, homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Dripu inahitajika pale mgonjwa amekauka vibaya, amezimia, anatapika kila kitu, au ni lazima apewe dawa ya mshipani. Anayeweza kunywa, mara nyingi dawa yake ni kikombe.

Jambo hili sisi wakimbizi tunalijua kwa uchungu. Mwezi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa wingi, kipindupindu na kuhara damu vikawavamia. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema kwamba wagonjwa wengi walirudishiwa maji polepole mno, na kwamba maji ya kunywa ya chumvi na sukari hayakutumika vya kutosha. Hapa kwetu Kigoma, mwezi Mei 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walirundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua, na watu wapatao 30 wakafariki.

Lakini kuna habari nyingine ya kutia moyo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walikimbilia Bongaon nchini India. Chupa za dripu zikawa karibu kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji na kuwapa wagonjwa wanywe. Waliowanywesha walikuwa ndugu zao wenyewe, akina mama na akina dada, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baada ya hapo walikufa chini ya 4 katika kila 100. Ndugu wa mgonjwa, usijidharau.

WAKATI NESI ANAWEKA DRIPU

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumsaidia.

2. Mwambie yale anayopaswa kujua: mgonjwa ana mimba? Ana ugonjwa wa moyo au wa figo? Kuna dawa iliyowahi kumwasha au kumvimbisha? Amekunywa dawa gani nyumbani, hata za mizizi? Usifiche.

3. Ikiwa ni mtoto, mshike mkono au mguu kama nesi atakavyokuonyesha, bila kumwumiza. Zungumza naye kwa sauti ya upole. Ikiwa ni usiku, shika tochi vizuri, usiyumbishe mwanga.

4. Mahali palipokwisha kusafishwa kwa dawa, usipaguse wala usipapulize kwa mdomo.

5. Usiogope kwamba sindano inabaki ndani. Sindano inatolewa na kutupwa. Kinachobaki mshipani ni kimpira laini kiitwacho kanula. Sindano moja ni kwa mtu mmoja, mara moja tu. Ukiona pakiti ilikuwa wazi tayari, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Samahani nesi, hii ni mpya?"

6. Muulize mambo matatu: chupa hii ni ya nini? Inatakiwa iishe saa ngapi? Matone yawe mangapi kwa dakika?

WAKATI DRIPU INAENDELEA

Angalia mambo matano, na uyaangalie mara kwa mara.

Kwanza, mahali pa kanula. Pakivimba, pakiwa pa baridi na pagumu, maji yametoka nje ya mshipa. Pakiwa pekundu, pa moto, penye maumivu au usaha, uchafu umeingia. Mwite nesi. Usikande kwa maji ya moto, usipake mafuta.

Pili, matone. Hesabu kwa saa yako kwa dakika moja. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Kwa hiyo nusu lita itakayokwenda saa 6 ni kama matone 28 kwa dakika. Ikitakiwa kwenda saa 4 ni kama matone 42. Ukiona yamekuwa mengi mno, au machache mno, au yamesimama, mwite nesi. Kwanza tazama kama mgonjwa amelalia mpira au amekunja mkono. Unaweza kuunyoosha mkono. Lakini kigurudumu si mali yako.

Tatu, chupa. Ikibaki kama upana wa vidole viwili, usisubiri iishe, nenda kamwite. Ikiisha, damu inaweza kurudi kwenye mpira na kuganda, kisha mgonjwa achomwe upya. Ukiiona damu mpirani usipige mayowe. Hakikisha chupa iko juu na mkono uko chini yake, halafu ita.

Nne, hewa. Vipovu vidogo kwenye mpira kwa kawaida haviui, ingawa hofu yake ni kubwa hapa kambini. Lakini ukiona sehemu ndefu ya mpira haina maji, mwite nesi mara moja. Usiuchomoe mpira wewe mwenyewe.

Tano, na ndilo kubwa, mgonjwa mwenyewe. Akianza kuhema kwa shida, kukohoa, kuvimba macho au miguu, kutetemeka kwa baridi, kuwashwa mwili au kutoka vipele, acha kila kitu ukamwite nesi. Ukiwa peke yako, paza sauti. Hakuna atakayekucheka.

Akitaka kwenda chooni, chupa ibebwe juu kuliko moyo wake, isiwekwe kitandani wala chini. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya ikiwa anaweza. Mgonjwa anayeweza kumeza aendelee kunywa, isipokuwa umeambiwa usimpe kitu. Na uangalie mkojo: amekojoa mara ngapi, ni mwingi au kidogo, rangi yake ikoje. Nesi atakuuliza, na jibu lako ni msaada mkubwa.

BAADA YA DRIPU

Kanula ikitolewa, bonyeza pamba kwa dakika 2 au 3 bila kusugua. Usiondoke na kanula mkononi kwa kudhani utarudi kesho, isipokuwa nesi amekuruhusu. Mipira na sindano si vitu vya watoto kuchezea, wala kamba za kufungia kuni. Na zile chupa tupu msitilie mafuta ya kula wala maziwa. Vyote hivyo viachwe hapo hapo, sindano ziingie kwenye boksi lake.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na mgonjwa wa kuhara, kazi ya kikombe inaanza. Pakiti moja ya chumvi ya kuhara huchanganywa na lita moja ya maji safi, na maji hayo hutumiwa ndani ya saa 24, yakizidi humwagwa. Ukikosa pakiti, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Akilegea, macho yakizama, au akishindwa kunywa, mrudishe bila kungoja kuche.

NENO LA MWISHO

Najua baadhi yenu mnaogopa kuuliza. Mnasema, mimi ni mkimbizi, sikusoma, Kiswahili changu si kizuri, nesi atakasirika. Najua pia kuna siku nesi amechoka na anajibu kwa ukali. Ameze uchovu wake naye, nasi tumeze hasira zetu. Lakini usinyamaze. Kuuliza si ujinga. Mimi nilinyamaza, nikazungusha kigurudumu kwa wivu na haraka, na nusura nimzike bibi yangu aliyenileta mgongoni kutoka ng'ambo ya ziwa.

Bibi yu hai mpaka leo. Siku nilipopewa kazi hii ya uhamasishaji aliniambia, "Nenda ukawaambie ulivyonifanyia." Nami nimewaambia.

Mwenye swali anione baada ya mkutano, au awaone wahamasishaji wa kijiji chake.