MAJI YALIYOPITA KATIKA MAKALA



Mama mumoja alileta mutoto wake mwenye kuhara. Akatuambia: "Mimi napitisha maji katika makala. Yanatoka meupe kabisa, hayana harufu. Sababu gani mutoto anahara?" Wamama wengi wanauliza vile. Basi sikieni.

Makala yanafanya kazi gani? Ndani yake kuna vitundu vidogo sana, macho hayawezi kuviona. Maji yakipita, vitu vingi vya harufu, rangi na ladha mbaya vinashikwa humo. Makala ya machujio ya duka yametengenezwa kwa kazi hiyo. Yale ya jikoni yanashika kidogo tu.

Lakini mikrobe za kolera na za kuhara zinapita. Chumvi vilevile inapita. Tena, makala yakikaa siku nyingi bila kubadilishwa, mikrobe zinaweza kuzaana ndani yake.

Wamama, maji meupe siyo lazima maji safi. Kumbukeni Goma, mwaka 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walichota maji ya ziwa Kivu. Yale siyo maji ya matope. Lakini kolera iliua watu maelfu na maelfu kwa majuma machache.

Basi mufanye hivi:

1. Muchuje maji kwanza.

2. Kiisha muyachemshe. Yakianza kutokota kwa nguvu, muhesabu dakika moja nzima. Kule juu milimani, dakika tatu.

3. Kama kuni zimekosa, mutie dawa ya maji (klori), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mungoje nusu saa. Musiyapitishe tena katika makala, kwani makala yanakula klori, na dawa yenu itapotea bure.

4. Muyaweke ndani ya bidoni safi yenye kifuniko. Musichovye kikombe wala mikono, mumimine tu.

Na mutoto akihara, musingojee. Muendelee kumunyonyesha, mumulete kiliniki siku ileile.

Yule mama hakutupa chujio lake. Anachuja, kiisha anachemsha. Makala yanaondoa harufu, moto unaua mikrobe. Mutoto wake alipona, na sasa anakuja hapa kupimwa kilo tu.

Na wewe mama, maji ya leo nyumbani kwako, yamechemka?