Boma la Iringa, Kiwanja cha Mbeya

Wasikilizaji, nikielekea Mbeya nilishuka Iringa, nikaingia Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya askari wao; baadaye likawa ofisi ya serikali. Mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ukalikarabati, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni anayeingia: zamani uliingia kwa kuitwa, tena umevua kofia, nami niliwakuta watoto wa shule wakibishana mlangoni nani atangulie.

Mbeya nako, ndege zilihamia Songwe mwaka 2012, kiwanja cha zamani kikabaki ndani ya mji. Kila niliyemwuliza alikuwa na jibu: maduka, stendi, viwanja vya kuuza. Mzee mmoja tu alisema, "Mwanangu, Jumapili tulikuja hapa na watoto kutazama ndege. Sasa tuwapeleke wapi?"

Msanifu atakayekabidhiwa eneo lile, kabla hajashika penseli, akamtafute mzee huyo. Na waheshimiwa madiwani wafuatane naye.