Kabla Mgao Haujapunguzwa Tena



Makazi ya Nakivale, hapa Isingiro, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakitangulia. Leo mchana hapa eneo la Base Camp, kwa Mkongo kunapikwa sombe, yaani kisamvu, na ndagala, yaani dagaa, kwa Mrundi maharagwe, kwa Msomali tambi au wali. Isingiro yote ni migomba, na malori ya maziwa yanatoka Mbarara kwenda Kampala. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2016 uliwakuta watoto karibu 3 kati ya 10 wa Uganda, walio chini ya miaka mitano, wamedumaa, na hata huku kwetu kwenye chakula tele hatukusalimika. Hilo linaniuma sana.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anapewa matoke asubuhi, matoke jioni. Anashiba, halali na njaa, lakini ndizi ina protini kidogo mno ya kumjenga. Sombe yenye mawese ina vitamini A. Ndagala akisagwa unga na kuchanganywa na uji anampa mtoto mifupa imara. Mama mwenyeji wa Kinyankole, muulize jirani yako Mkongo anavyopika. Nawe mama wa Kikongo, muulize yeye kuhusu maziwa na karanga. Na nawasihi nyote: chai ya rangi isinywewe na mtoto pamoja na chakula. Inazuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga yasiingie mwilini, na damu inapungua.

Ila sikuja kumfundisha mapishi mama ambaye sufuria yake ni tupu. Tangu 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao wa chakula wa wakimbizi zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha, na vipande vya kulima vinazidi kuwa vidogo. Mama anayeuza maharagwe ili anunue sabuni anajua thamani ya maharagwe hayo kuliko mimi.

Kwa hiyo ombi langu kubwa naliweka mbele ya viongozi walioketi hapa. Tengeni ardhi ya mboga karibu na visima, akina mama wailime kwa pamoja, wenyeji na wakimbizi. Na kwenye vituo vya afya, ushauri wa lishe utolewe kwa Kiswahili, Kisomali, Kirundi na Kinyankole, siku ileile mtoto anapopimwa uzito.